HESABU YA NYUMBANI: Kati ya wangapi?

Chukueni kalamu na karatasi, hata nyuma ya daftari la mtoto si mbaya, maana mwezi huu tutagawanya sana. Mwenye simu atumie kikokotoo, haturuhusu ugomvi.

Kwanza majibu ya mwezi uliopita. Swali lilikuwa hivi: nyumba ya watu 7, mmoja wao mtoto wa miezi mitatu, inachota madumu 5 ya lita 20 kwa siku. Je, kila mtu anapata lita ngapi? Madumu 5 ni lita 100. Ukigawa 100 kwa 7 unapata lita 14 na kidogo. Hiyo iko chini ya lita 15 kwa mtu kwa siku, kiwango cha chini ambacho mashirika ya misaada wanakitumia wakati wa dharura. Sasa wako walioleta jibu la lita 16 na zaidi. Kugawa walijua vizuri, ila waligawa kwa 6, wakamwacha yule mtoto, eti huyo hanywi maji. Jamani! Na nepi zake zinafuliwa na nini? Mtoto ni mtu, ahesabiwe.

Mtaona kwamba mada ya mwezi huu ni ileile, ila imekuwa kubwa na nzito zaidi. Tunazungumza juu ya namba za ugonjwa na vifo, na jinsi mtu anavyoweza kudanganyika na namba ambayo ni ya kweli kabisa.

Maneno ya kwenye bomba

Mnajua kwenye bomba la maji habari zinajaa kabla ya dumu. Mama mmoja anasema: "Ndugu yangu, kule hospitali kubwa usiende, wanakufaka. Mwezi huu tu wamekufa wawili. Hapa zahanati yetu hakufa hata mmoja." Mwenzake ana mimba ya miezi minane. Anasikia, ananyamaza, anajitwika dumu lake. Usiku anamwambia mume wake: mimi nitajifungulia hapahapa nyumbani, mumwite yule mama mzee wa bloki.

Maneno kama haya tumeyasikia sote, si ndiyo? Na angalieni, hakuna aliyesema uongo. Wawili ni wawili, na zahanati ni sifuri kweli. Lakini namba moja peke yake ni kama mguu mmoja wa suruali, huwezi kuuvaa ukatoka nje. Lazima utafute mguu wa pili, na mguu wa pili unapatikana kwa swali fupi: kati ya wangapi?

Wanafunzi wa sekondari watanikumbusha kwamba kwenye sehemu kuna namba ya juu na namba ya chini. Ya juu ni waliougua au waliokufa. Ya chini ni wote ambao jambo hilo lingeweza kuwapata. Watu wanapenda kubeba ya juu, ndiyo inayotisha na ndiyo inayosambaa. Ya chini inabaki kwenye daftari la nesi.

Tufanye mazoezi na namba ambazo si zetu, ili asiwepo wa kukasirika. Ni namba za kweli, za zamani, kutoka Ulaya, na zinahusu jambo hilohilo la akina mama na mahali pa kujifungulia.

Kliniki mbili za Vienna

Katika hospitali kuu ya mji wa Vienna, nchi ya Austria, miaka ya 1840, kulikuwa na kliniki mbili za wazazi ndani ya hospitali moja. Kliniki ya Kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wa udaktari. Kliniki ya Pili ilikuwa ya wakunga na wanafunzi wa ukunga. Akina mama wengi waliokwenda pale walikuwa maskini. Kulikuwa na ugonjwa uliowaua baada ya kujifungua, ukiitwa homa ya uzazi: mama anajifungua salama, baada ya siku chache joto linapanda, tumbo linauma, anakufa. Mara nyingine na mtoto anamfuata.

Daktari kijana Mhungaria, Ignaz Semmelweis, alianza kazi ya udaktari msaidizi katika Kliniki ya Kwanza mwaka 1846. Alikusanya namba za kliniki zote mbili, mwaka kwa mwaka. Hizi hapa mbili kati ya nyingi:

Mwaka 1845, Kliniki ya Kwanza: waliojifungua 3,492, waliokufa 241.
Mwaka 1842, Kliniki ya Pili: waliojifungua 2,659, waliokufa 202.

Swali la kwanza, jibu kabla ya kusoma mbele: wapi palikuwa na hatari zaidi? Mtu wa haraka atasema pale walipokufa 241, kwa sababu 241 inazidi 202. Tugawe. Njia ni hii: chukua waliokufa, zidisha kwa 100, gawa kwa waliojifungua. 241 mara 100 ni 24,100. Gawa kwa 3,492, unapata 6.9. Yaani karibu mama 7 kati ya kila 100. Upande wa pili, 20,200 gawa kwa 2,659, unapata 7.6. Kumbe! Pale walipokufa wachache ndipo palikuwa na hatari zaidi. Rudieni wenyewe hesabu hiyo, msiniamini kwa mdomo.

Huo ni mwaka mmoja mmoja, na nimeichagua kwa makusudi ili muone namba ya juu inavyoweza kupotosha. Sasa tuchukue miaka yote sita, 1841 mpaka 1846:

Kliniki ya Kwanza: waliojifungua 20,042, waliokufa 1,989.
Kliniki ya Pili: waliojifungua 17,791, waliokufa 691.

Gaweni. Mtapata 9.9 kwa ya kwanza na 3.9 kwa ya pili. Karibu mama 10 kati ya 100 upande mmoja, karibu 4 upande wa pili, na ni hospital moja, paa moja, chakula kilekile. Mama aliyeingia Kliniki ya Kwanza alikuwa na hatari mara mbili na nusu.

Na sasa sikieni hili, ndilo linanigusa mimi zaidi ya hesabu. Akina mama wa Vienna walikuwa wanajua. Hawakuwa na kikokotoo wala daftari, lakini habari ilikuwa imezagaa mjini, kwa maneno ya bomba kama yetu. Semmelweis mwenyewe aliandika kwamba walikuwa wanapiga magoti wakiomba wasipelekwe Kliniki ya Kwanza. Wengine waliona afadhali wajifungulie njiani, kisha ndipo waingie. Wakubwa waliona ni woga wa watu wasiosoma. Hesabu ilipopigwa, ikaonekana woga wao ulikuwa na sababu.

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Sisemi kila maneno ya bomba ni upuuzi. Mengine ni kweli, mengine si kweli, na masikio hayawezi kutenganisha. Kugawa kunaweza.

Je, walifanana?

Lakini ngoja. Kugawa peke yake bado hakutoshi. Mtu angeweza kumwambia Semmelweis: labda Kliniki ya Kwanza inapelekewa wagonjwa mahututi, na Kliniki ya Pili inapelekewa wazima. Hapo tofauti ya 10 na 4 isingekuwa na maana yoyote.

Haikuwa hivyo. Pale Vienna waligawana akina mama kwa siku. Leo ni zamu ya Kliniki ya Kwanza, kesho ya Pili. Uchungu hauangalii kalenda, kwa hiyo mama mwenye afya na mama dhaifu, mwenye mimba ya kwanza na mwenye mimba ya sita, wote walianguka huku au kule kwa bahati ya siku. Makundi mawili yakawa yanafanana, na ndiyo maana ulinganisho ule ulikuwa wa haki.

Akaanza kuondoa sababu moja baada ya nyingine. Walisema ni hewa mbaya ya mji. Sasa hewa gani inapita mlango mmoja na kuacha wa pili? Walisema ni msongamano. Lakini Kliniki ya Pili ndiyo ilikuwa na msongamano zaidi, kwa sababu kila mtu aliitaka hiyo. Walisema hata padri anayepita na kengele kuwapa wagonjwa sakramenti ya mwisho anawatia akina mama hofu. Wakambadilishia njia na kengele ikanyamaza, vifo vikabaki vilevile.

Mwezi Machi 1847 rafiki yake, profesa Jakob Kolletschka, alikatwa kidole kwa kisu wakati wa kupasua maiti kwa ajili ya mafundisho. Akaugua na kufa, na ugonjwa wake ulifanana sana na ule wa akina mama. Hapo Semmelweis akaona. Madaktari na wanafunzi walikuwa wanatoka asubuhi kupasua maiti, kisha wanakwenda moja kwa moja kuwapima wazazi kwa mikono ileile. Wakunga hawakuwa wanapasua maiti. Wakati ule elimu ya vijidudu ilikuwa bado haijakubalika, yeye alijua tu kwamba mikono inabeba kitu. Katikati ya Mei 1847 akaamuru kila mmoja anawe kwa maji ya chokaa yenye klorini kabla ya kumgusa mama. Ndugu yake yule yule wa klorini tunayoinusa kwenye ndoo za kunawia wakati wa kipindupindu.

Namba za Kliniki ya Kwanza, mwaka huo 1847:

Aprili: waliojifungua 312, waliokufa 57.
Mei: waliojifungua 294, waliokufa 36.
Juni: waliojifungua 268, waliokufa 6.
Julai: waliojifungua 250, waliokufa 3.

Pigeni asilimia za miezi minne hiyo. Ya kwanza nawapa: 18.3. Tatu zilizobaki ni zenu. Mwaka mzima wa 1848 Kliniki ya Kwanza ilipokea waliojifungua 3,556 na wakafa 45. Ya Pili 3,319 na wakafa 43. Ukigawa, zote mbili zinakuwa 1.3, sawasawa. Tofauti iliyodumu miaka ikayeyuka kwa ndoo ya kunawia.

Mtasema basi alipewa zawadi. Wee! Wakubwa wengi walikataa kusikia kwamba mikono yao ndiyo ilikuwa inaua. Aliondoka Vienna mwaka 1850, kitabu chake kikatoka 1861, na mwaka 1865 akafia katika nyumba ya wagonjwa wa akili akiwa na miaka 47. Hesabu nzuri haina miguu, haiendi mahali kama watu hawaichukui.

Sifuri ya mwezi mmoja

Tuirudie ile zahanati yetu ya sifuri. Mwaka 1848 pale Vienna kulikuwa na miezi miwili, Machi na Agosti, ambayo katika Kliniki ya Kwanza hakufa mama hata mmoja. Je, hatari ilikuwa imekwisha? Hapana. Mwaka uleule walikufa 45. Mwezi mmoja ni kipande kidogo, na kipande kidogo kinarukaruka: leo sifuri, mwezi ujao wawili, bila kitu chochote kubadilika. Vienna walikuwa wanazalisha zaidi ya 250 kwa mwezi na bado namba ilirukaruka. Sasa zahanati yenye wazazi 30 au 40 kwa mwezi? Sifuri ya hapo ni habari njema kwa familia hizo, tumshukuru Mungu, lakini haithibitishi mengi. Angalia mwaka mzima, ikiwezekana miaka miwili.

Kuna lingine, na hili ni zito kuliko lile. Vienna siku ndiyo ilikuwa inachagua nani aende wapi. Hapa kwetu ugonjwa ndio unachagua. Zahanati inabaki na wazazi wa kawaida. Anayetokwa damu nyingi, anayepata degedege la mimba, aliyepasuliwa uzazi uliopita, mtoto aliyelala vibaya tumboni, hao wote wanapakiwa kwenye gari kwenda hospitali kubwa. Mfano, na hizi namba ni za kubuni za kujifunzia tu: zahanati wamejifungua 40, sifuri amekufa. Hospitali wamejifungua 120, wamekufa 2. Ukigawa, hospitali ni 1.7 kati ya 100 na zahanati ni 0. Kugawa tumegawa, na bado tungekosea kusema hospitali ni mbaya, kwa sababu wale wawili huenda walitoka kwenye zahanati hiyohiyo. Kifo kimeandikwa kule. Safari ilianzia wapi, na saa ngapi? Kama mama alianza kutokwa damu saa mbili usiku na akafika hospitali saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu nyumbani walikuwa bado wanabishana juu ya maneno ya bomba, namba hiyo ni ya nani?

Basi kwa yule mama wa miezi minane, maoni yangu ni haya. Wawili waliokufa hospitali si sababu ya kubaki nyumbani. Mama mzee wa bloki ana mikono mizuri na moyo mzuri, na anaweza kumsindikiza na kumshika mkono, lakini hana damu ya kuongeza wala chumba cha upasuaji. Na kwa viongozi wa afya nasema hivi: mkija kwenye mkutano wa bloki na namba, leteni na namba ya chini, na mtueleze wagonjwa walifika katika hali gani. Watu wanaopewa nusu ya namba watajaza nusu nyingine wenyewe.

Namba ya chini ya kambi nzima

Kuna kipimo kimoja ambacho wahudumu wa afya wanakitumia kwa kambi nzima. Wanahesabu vifo kwa kila watu 10,000 kwa siku moja. Kikifika kifo 1 kwa watu 10,000 kwa siku, hiyo wanaiita dharura. Kwa watoto chini ya miaka mitano mstari ni 2.

Mfano mkubwa na wa kuumiza ni wa Goma, Julai 1994. Wako kati yetu walioishi pale, au ndugu zao walikuwa pale, kwa hiyo nitasema kwa kifupi. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi kwa kipindupindu, na baadaye kuhara damu. Kati ya wangapi? Hapo ndipo wataalamu walikwama. Watu walikuwa wameingia kwa wingi ndani ya siku chache, hakuna aliyewaandika. Makadirio yalikuwa kati ya watu 500,000 na 800,000. Gaweni 50,000 kwa 500,000: ni 10 kati ya 100. Gaweni kwa 800,000: ni 6 na kidogo. Marehemu ni walewale, makaburi ni yaleyale, lakini jibu linacheza kati ya 6 na 10 kwa sababu namba ya chini haikujulikana. Kwa siku ilikuwa vifo 20 mpaka 35 kwa watu 10,000. Linganisha na ule mstari wa 1.

Nagusa sasa jambo ambalo watu hawapendi liandikwe, lakini ukurasa huu ni wa hesabu na hesabu haina aibu. Ni juu ya kadi za mgao. Familia inafiwa, na kifo hakisemwi ofisini, kwa sababu jina likifutwa na chakula chake kinakatwa. Au mtu amesharudi nyumbani au amehamia mji mwingine, na jina lake linaendelea kula. Mimi simhukumu mtu. Mgao ukipungua, kila mmoja anajua jinsi ya kuuma meno. Lakini tuangalie hesabu inafanya nini. Namba hizi pia ni za kubuni.

Tuseme zoni moja ina watu 16,000 kwenye karatasi, lakini walioko kweli ni 12,000. Katika siku 30 wamekufa watu 36. Gawa 36 kwa 30, unapata vifo 1.2 kwa siku. Sasa kwa watu 16,000 ya karatasi: 1.2 gawa kwa 16,000, zidisha kwa 10,000, unapata 0.75. Iko chini ya mstari. Mkubwa wa mbali anasoma, anasema zoni hii haina shida, gari la dawa liende kwingine. Kwa watu 12,000 walioko kweli: 1.2 gawa kwa 12,000, zidisha kwa 10,000, unapata 1. Imefika mstari wa dharura.

Na kama kati ya vifo 36, vifo 9 vimefichwa? Hapo ofisini wanasoma vifo 27 kwa watu 16,000. Fanyeni wenyewe hesabu hiyo, mtaona imeshuka mpaka 0.56. Zoni iliyo kwenye dharura inaonekana kama zoni yenye afya. Sahani moja ya ziada inapatikana nyumbani, na kwa upande wa pili nesi wa ziada hafiki. Wengine wataniambia: hata tukisema ukweli, nesi hafiki. Inawezekana. Lakini ukiwa na namba sahihi una kitu cha kuwaonyesha mezani, na ukiwa na namba ya uongo huna hata hicho.

Zoezi la mwezi huu

Tunabaki Ulaya, mwaka 1854, mji wa London. Kipindupindu kimeingia. Wakati ule wengi waliamini kinaletwa na harufu mbaya. Daktari John Snow aliamini kinaletwa na maji. Kusini ya mji kulikuwa na kampuni mbili zinazouza maji, na mabomba yao yalipita mitaa ileile, nyumba hii ya kampuni moja, jirani yake ya kampuni nyingine, tajiri na maskini bila kupangwa. Kampuni ya Southwark and Vauxhall ilichota maji mto Thames palepale mjini, mahali uchafu wa vyoo ulipoingia. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamisha mahali pake pa kuchota mwaka 1852, ikaenda juu ya mto, kabla maji hayajafika mjini. Katika wiki saba za kwanza za ugonjwa Snow alihesabu hivi:

Southwark and Vauxhall: nyumba 40,046, vifo 1,263.
Lambeth: nyumba 26,107, vifo 98.

Swali la 1: Kwa kila nyumba 10,000, vilikuwa vifo vingapi kwa kila kampuni? (Vifo zidisha kwa 10,000, gawa kwa nyumba.)

Swali la 2: Hatari ya kampuni moja ilikuwa mara ngapi ya nyingine?

Swali la 3, hili halina kikokotoo: Kwa nini ilimsaidia Snow kwamba mabomba ya kampuni mbili yalipita mtaa mmoja? Mtu aliyesoma vizuri habari ya siku za zamu kule Vienna atajibu kwa mstari mmoja.

Swali la 4 ni la nyumbani kwako. Muulize mhudumu wa afya wa bloki yenu: mwezi uliopita watoto wangapi walipatikana na malaria, kati ya wangapi waliopimwa? Akikupa namba moja tu, mwombe ya pili kwa heshima. Andika zote mbili, gawa, na ulete.

Majibu yawekwe kwenye sanduku la gazeti kabla ya tarehe 20. Andika jina la bloki, na umri kama wewe ni mwanafunzi. Na kwa ajili ya swali la 4, msiandike jina la mtoto wa mtu yeyote, tunataka namba tu.